Jinzi za Athi River: Kwa Nini Ajira Zilikuja na Pamba Haikufuata

Mwaka 2000 viwanda vya nguo ndani ya maeneo ya EPZ nchini Kenya, yaani maeneo maalum ya viwanda vinavyozalisha kwa ajili ya kuuza nje, vilikuwa na wafanyakazi wapatao 6,500. Kufikia 2003 walikuwa wamepita 36,000. Katikati ya miaka hiyo sheria ya kodi ya EPZ haikuguswa. Eneo la Athi River, karibu na Nairobi, lilikuwa lilelile, bandari ya Mombasa ileile na foleni zake, umeme uleule. Kilichobadilika kilisainiwa Washington tarehe 18 Mei 2000: AGOA, sheria ya Marekani inayoruhusu bidhaa za nchi za Afrika zilizokidhi masharti kuingia bila ushuru.

Serikali zetu zinapotaka wawekezaji na ajira, mkono wa kwanza huenda kwenye kodi. Kisa cha Athi River kinafaa kuchambuliwa kwa sababu kina vipindi viwili vinavyolinganishika: miaka kumi ya msamaha wa kodi bila soko la upendeleo, kisha miaka ya msamaha uleule pamoja na soko hilo.

Kilichokuwa mezani tangu 1990

Sheria ya EPZ ya Kenya ilipitishwa mwaka 1990, na ikaunda Mamlaka ya EPZ ya kuisimamia. Anayetaka kuingia husajili kampuni mpya nchini Kenya kwa ajili ya shughuli za EPZ pekee (kampuni iliyopo haiwezi tu kuongeza tawi), hupeleka mpango wa biashara kwa Mamlaka, hupata kibali cha mazingira, kisha leseni ambayo huhuishwa kila mwaka. Mamlaka ya Mapato, KRA, humtaka aweke dhamana ya forodha (hakikisho ambalo ushuru unaweza kudaiwa juu yake) kabla kontena lake la kwanza halijatoka Mombasa.

Anachopata ni hiki: miaka 10 bila kodi ya mapato ya kampuni, kisha asilimia 25 kwa miaka 10 inayofuata, miaka 10 bila kodi ya zuio kwenye gawio linalokwenda kwa wenye hisa walio nje, hakuna ushuru wa forodha wala VAT kwenye mashine na malighafi, hakuna ushuru wa stempu. Kwa upande wake lazima auze nje. Cha kuuza ndani hakizidi asilimia 20 ya uzalishaji, tena kwa idhini, na hapo ushuru wote hulipwa kama bidhaa inayotoka ng'ambo.

Kwa karatasi ni ofa nono. Ila wapangaji walikuja kidogokidogo, na mwisho wa miaka ya 1990 viwanda vya nguo ndani ya EPZ vilihesabika kwa vidole.

Hesabu ya suruali moja

Tuchukue suruali ya jinzi ya pamba inayouzwa kwa dola 6 ikiwa Mombasa tayari kupakiwa melini. Bei hii na gharama zinazofuata ni za mfano. Viwango vya ushuru na kodi ni vya kweli.

Laini moja ya kushona ina mafundi 50. Jinzi ya mifuko mitano huchukua kama dakika 18 za kazi ya cherehani ikihesabiwa kwa kipimo sanifu. Siku ya saa nane ina dakika 480 kwa kila fundi, kwa hiyo laini nzima ina dakika 24,000. Kiwanda kipya chenye mafundi waliotoka mafunzoni juzi hufanya kazi kwa ufanisi wa asilimia 45 hivi, yaani suruali 600 kwa siku. Ikiwa kila fundi anamgharimu mwajiri dola 6 kwa siku, mshahara na makato yote, ushonaji wa suruali moja ni senti 50 za dola. Laini ikikomaa ikafika asilimia 70, suruali zinakuwa 930 na gharama inashuka hadi senti 32.

Sasa tazama misamaha. Faida ya asilimia 5 kwenye dola 6 ni senti 30, na kodi ya kampuni ya asilimia 30 juu ya faida hiyo ni senti 9. Hiyo ndiyo thamani ya ile miaka 10 isiyo na kodi kwa kila suruali: senti tisa, na hizo ni kama kiwanda kinapata faida. Kiwanda cha nguo katika miaka yake miwili ya kwanza mara nyingi hakina faida ya kukatwa kodi.

Ushuru wa Marekani kwa suruali ya pamba ni asilimia 16.6. Kwenye dola 6 ni karibu dola moja kamili. Kwa suruali ya wanaume ya nyuzi za kutengenezwa ni asilimia 27.9, yaani dola 1.67. Sweta ya nyuzi hizo hulipiwa asilimia 32. AGOA ilifuta ushuru huu kabisa. Dola moja hiyo ni mara mbili ya gharama yote ya kushona suruali hata kwenye laini ambayo bado inajikokota, na ni zaidi ya mara kumi ya thamani ya msamaha wa kodi.

Hapa watu wengi huteleza, wakidhani dola hiyo inaingia mfukoni mwa kiwanda cha Athi River. Anayelipa ushuru ni mwagizaji wa Marekani, kwa hiyo anayeokoa ni yeye. Kiwanda hunufaika kwa sababu mwagizaji huyo sasa yuko tayari kukubali bei ambayo Kenya isingeweza kuitoza bila tofauti hiyo, bei inayobeba ucheleweshaji wa bandari, malori ya Mombasa hadi Athi River na ufanisi mdogo wa mafundi. Dola ile ndiyo inayolipia udhaifu wetu wote. Tofauti ikiondoka, udhaifu unabaki na bili yake.

Katika misamaha ya Kenya yenyewe, ulio na uzito ni wa ushuru kwenye malighafi. Kitambaa cha dola 3 kwa suruali kikitozwa asilimia 25, kilichokuwa kiwango cha vitambaa vingi chini ya ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulioanza 2005, ni senti 75 zinazolala serikalini hadi zirudishwe. Lakini msamaha huo ulipatikana hata nje ya EPZ, kwa wanaozalisha chini ya dhamana ya forodha. Kilichofanya EPZ iwe bora ni kwamba afisa wa forodha yuko getini na utaratibu ni mmoja.

Sharti la kitambaa

AGOA haikusema tu kwamba nguo iliyoshonwa Afrika inaingia bure. Kanuni ya kawaida ilitaka kitambaa kiwe cha Marekani au kiwe kimefumwa katika nchi za AGOA kwa nyuzi za Afrika au za Marekani. Viwanda vya kufuma vya Kenya wakati huo vilikuwa hoi: KICOMI ya Kisumu ilikuwa imeshazama, na Rivatex ya Eldoret ilikuwa mikononi mwa mfilisi. Kwa kanuni hiyo peke yake, Athi River isingepata chochote.

Mlango ulikuwa kwenye kifungu maalum cha nchi zenye pato la chini ya dola 1,500 kwa mtu mwaka 1998. Hizo ziliruhusiwa kutumia kitambaa kutoka popote duniani, mradi kushona kufanyike katika nchi hizo. Kenya iliingia hapo. Mauritius, iliyokuwa na sekta ya nguo kubwa kuliko yetu, ilikuwa tajiri mno kwa kipimo hicho.

Kenya ilipewa idhini ya nguo Januari 2001, baada ya kuonyesha kwamba ina mfumo wa visa unaozuia nguo za nchi nyingine kupitishwa kwa jina lake. Visa hii ni muhuri wa duara wa wino wa bluu unaogongwa na forodha juu ya ankara halisi. Namba yake huanza na tarakimu moja ya kundi la upendeleo, kisha KE, kisha tarakimu sita. Nguo za kitambaa cha nje ziko kundi la 5. Kundi likikosewa, au idadi ya vipande ikiwa imefutwafutwa, visa haifai na lazima iombwe nyingine, huku mzigo umekwama bandarini Marekani ukila gharama za kuhifadhiwa.

Kabla ya muhuri, kazi ngumu iko kwenye daftari la kitambaa. Kiwanda kikiingiza mita 20,000 za jinzi, na kila suruali ikila mita 1.3, forodha hutarajia kuona suruali kama 15,380 ukiondoa upotevu uliokubaliwa. Kikisafirisha 14,000, kimetumia mita 18,200. Mita 1,800 zilizobaki lazima zionekane: ghalani, kwenye mabaki ya mezani, au kwenye nguo zenye kasoro zilizotengwa. Zisipoonekana, forodha huchukulia zimeuzwa mtaani, na ushuru wake unadaiwa kwenye dhamana. Hapa ndipo viwanda vipya huumia, mara nyingi bila wizi wowote. Msimamizi wa meza ya kukatia hubadilisha mpangilio wa ruwaza ili kuokoa muda, suruali moja inakula mita 1.36, na mwenye daftari haambiwi. Kwa suruali 14,000 hiyo ni mita 840 zaidi.

Wamarekani nao hutuma wakaguzi wao. Hawatazami ankara tu. Huhesabu cherehani na kulinganisha na idadi ya nguo zilizosafirishwa, husoma kadi za mahudhurio, na hudai tiketi za meza ya kukatia. Kumbukumbu hutunzwa miaka mitano. Msafirishaji akibainika kupitisha nguo za nchi nyingine hunyimwa upendeleo kwa miaka mitano, adhabu ambayo kwa kiwanda cha aina hii ni sawa na kufunga.

Miaka minne ya neema

Mauzo ya nguo za Kenya kwenda Marekani yalipanda kutoka dola milioni 44 mwaka 2000 hadi takriban milioni 277 mwaka 2004. Wawekezaji wengi walikuwa wa Asia, na kilichowaleta kilikuwa zaidi ya AGOA. Wakati ule biashara ya nguo duniani ilikuwa bado na mgao: kila nchi kubwa ya Asia ilikuwa na kiasi maalum ilichoruhusiwa kuuza Marekani. Kiwanda kilichomaliza mgao wake kwao kilitafuta nchi isiyo na mgao. Kenya ikawa ghala la ziada.

Mkataba wa kuondoa mgao ulikuwa umesainiwa tangu Duru ya Uruguay, mazungumzo ya biashara ya dunia ya miaka ya nyuma, na tarehe ya mwisho ilijulikana: 1 Januari 2005. Kwa hiyo waliokuja 2001 walikuja wakijua wana miaka minne. Ndiyo maana walikodi majengo badala ya kujenga, walileta cherehani zinazobebeka kwenye kontena, na hawakuleta hata kitanda kimoja cha kufuma. Mtu alaumu akitaka, lakini walisoma kalenda vizuri kuliko waliowapokea.

Wafanyakazi nao walisoma yao. Januari 2003, wiki chache baada ya serikali ya Narc kuingia madarakani, migomo ilizuka Athi River na kusambaa viwanda vingine vya EPZ. Madai yalikuwa mishahara, saa za ziada za lazima, mikataba ya vibarua isiyoisha na kukatazwa vyama vya wafanyakazi. Baadhi ya viwanda vilifunga milango kwa siku kadhaa. Chanzo kimoja kilikuwa kwenye hesabu ile ya laini: mnunuzi anapanga tarehe ya meli, kitambaa kinachelewa njiani, na siku zilizopotea hufidiwa kwa usiku wa mafundi. Kitambaa kutoka Asia huchukua wiki tatu au nne hadi Mombasa, na nguo zilizokamilika huchukua zaidi ya mwezi hadi pwani ya mashariki ya Marekani. Katikati hakuna siku za akiba.

Mgao ulipoondoka, viwanda kadhaa vikafunga au kuhama. Kilele cha watu 36,000 hakikurudi kwa miaka mingi. Kufikia mwisho wa muongo huo walikuwa kama 25,000. Sekta haikufa, kwa sababu tofauti ya asilimia 16.6 ilikuwa bado ipo. Hiyo nayo ni ushahidi wa nini kilikuwa kinabeba mzigo.

Pamba

Hoja ya kila waziri wa viwanda tangu 2000 imekuwa kwamba cherehani za Athi River zitavuta ufumaji, ufumaji utavuta usokotaji, na mwisho mkulima wa Busia, Homa Bay au Kitui atauza pamba. Haikutokea, na sababu zake ni za kawaida kabisa.

Ya kwanza ni tarehe. Kifungu cha kitambaa cha nje kiliwekwa kiishe Septemba 2004. Julai 2004 kikasogezwa hadi 2007. Desemba 2006 kikasogezwa hadi 2012. Agosti 2012, chini ya miezi miwili kabla ya kuisha, kikasogezwa hadi 2015, na Juni 2015 hadi 30 Septemba 2025. Mwenye mtaji wa kinu cha kusokota na kufuma anahitaji miaka kumi au zaidi kurudisha fedha zake. Kila mara aliambiwa: ama kifungu kitaisha na wateja wako wataondoka nchini, ama kitaongezwa na wateja wako wataendelea kununua China. Hali zote mbili zilimwambia asijenge.

Marekani iliwahi kujaribu kulazimisha. Sheria ya Desemba 2006 ilitamka kwamba kitambaa cha jinzi kinapatikana kwa wingi Afrika, na kuwataka washonaji wakimalize hicho kwanza kabla ya kuagiza nje. Kwenye karatasi kitambaa kilikuwepo, hasa Lesotho. Lakini mnunuzi wa jinzi hanunui jinzi tu. Anataka uzito fulani, rangi inayopauka kwa namna fulani baada ya kuoshwa, na mvutiko fulani. Viwanda vya Kenya vikabaki na oda zisizoendana na kitambaa kilichokuwepo. Kifungu hicho kilifutwa Oktoba 2008.

Ya pili haizungumzwi sana nje ya sekta. Mnunuzi mkubwa huteua mwenyewe kiwanda cha kitambaa. Oda inafika Athi River ikiwa tayari imeandikwa jina la kiwanda, namba ya kitambaa na bei. Mshonaji hana ruhusa ya kununua Eldoret hata akipenda. Ili kiwanda cha kitambaa kiingie kwenye orodha ya walioteuliwa lazima kipite vipimo vya maabara, ukaguzi wa maji taka ya rangi, na majaribio ya oda ndogo, jambo la mwaka mzima au zaidi, likilipiwa na kiwanda chenyewe. Kama kuna mahali ambapo fedha za umma zingefanya kazi, ni hapa. Badala yake nyingi zilikwenda kwenye mashine.

Ya tatu ni ya Kenya yenyewe. Kiwanda cha ndani kinachouza kitambaa kwa EPZ hukiuza kwa VAT ya asilimia sifuri, lakini kimeshalipa VAT kwenye umeme, rangi na vipuri. Kinadai kurudishiwa. Marejesho huchelewa miezi, na fedha hizo ndizo zingenunua pamba ya msimu. Muuzaji wa China hana tatizo hilo, na mara nyingi anatoa mkopo wa siku 60 au 90 juu yake. Rivatex ilinunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007 na kuzinduliwa upya 2019 ikiwa na mashine mpya, na bado mzigo wake wa kwanza umekuwa kupata pamba ya kutosha. Mkulima aliyewahi kucheleweshewa malipo hapandi kwa sababu kinu kimepakwa rangi. Tanzania, yenye pamba nyingi kuliko sisi, sehemu kubwa huiuza nje ikiwa imechambuliwa tu mbegu.

Upendeleo una bei yake

AGOA hukaguliwa kila mwaka, na rais wa Marekani anaweza kuiondoa nchi. Madagascar ilitolewa 2010 baada ya mapinduzi, Ethiopia 2022, Uganda 2024. Kwa Afrika Mashariki somo la karibu ni la mitumba. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya walikubaliana kuiondoa sokoni kufikia 2019. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakalalamika rasmi mwaka 2017, na Rwanda, Tanzania na Uganda zikawekwa chini ya uchunguzi. Kenya iliuepuka kwa kurudi nyuma mapema. Tanzania na Uganda nazo zikarudi nyuma. Rwanda ilishikilia ushuru wake wa dola 2.50 kwa kilo, na mwisho wa Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye AGOA. Rwanda haikuwa na nguo nyingi za kupoteza. Kenya ilikuwa na Athi River, kwa hiyo uamuzi wake ulikuwa umeshafanywa na idadi ya mafundi getini.

Mwaka 2024 Kenya iliuza Marekani nguo za takriban dola milioni 470, na ajira zilizotajwa zilikuwa zaidi ya 66,000, wengi wanawake. Dirisha la miaka kumi lilifika mwisho wake tarehe 30 Septemba 2025 bila Bunge la Marekani kuwa limelirefusha kwa wakati. Lakini madhara hayakungoja Septemba. Oda ya nguo hupangwa miezi sita hadi tisa kabla, kwa hiyo mnunuzi wa nguo za Oktoba aliamua mapema mwaka huo. Ndivyo ilivyokuwa pia 2012: Bunge liliongeza muda Agosti, ila mabadiliko ya oda yalikuwa yameanza miezi kabla.

Aprili 2025 Marekani ilikuwa imeshaongeza ushuru wa asilimia 10 juu ya bidhaa za Kenya, AGOA au bila AGOA. Kwa hiyo suruali yetu ya dola 6 ilianza mwaka kwa ushuru wa sifuri, ikalipa senti 60 kuanzia Aprili, na Oktoba ikadaiwa asilimia 26.6, yaani dola 1.60. Ya Bangladesh, iliyowekewa asilimia 20 juu ya 16.6, ilidaiwa kama dola 2.20. Kenya bado ilikuwa na nafuu ya senti 60, ila sasa ilisimama juu ya amri ya rais badala ya sheria ya Bunge, na hakuna mwenye kinu anayekopeshwa na benki kwa dhamana ya amri.